Somo: Nywele zipite mabega, usuke usisuke

Habari za Jumapili, wapendwa. Somo hili nimeombwa wiki tatu mfululizo na nimekuwa nikilikwepa, maana kila anayeniuliza anataka jina la mafuta. Sina jina la mafuta. Nilicho nacho ni rula ya mwanangu ya sentimita 30 na daftari la marejesho ya kikoba, ambalo kurasa zake za nyuma zina urefu wa nywele zangu wa miaka minne. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nashika fungu moja, lile la juu ya sikio la kushoto, nalivuta linyooke, napima, naandika.

Daftari ndilo lililonifumbua macho. Mwaka wa kwanza nilikuwa mtu wa rasta bila kupumzika: nafumua Ijumaa, nasuka Jumamosi. Januari sentimita 14. Juni 15. Desemba 14. Ungesema zimegoma kuota. Lakini kila nilipofumua nilikuta nywele mpya za upana wa vidole viwili zimesogeza rasta mbali na ngozi. Sasa zilikuwa zinakwenda wapi? Kwenye kitana, kwenye sakafu ya saluni, kwenye kola ya blauzi. Kichwa kinaongeza juu, ncha zinapunguza chini, mwisho wa mwaka hesabu ni ileile.

Kwa hiyo leo hatuzungumzii kuotesha. Kuota kunajiendea kwenyewe. Tunazungumzia kuzuia kukatika.

Hesabu kwanza, ili tusidanganyane. Nywele zetu huota kama sentimita moja kwa mwezi, wengine pungufu kidogo, wengine zaidi kidogo. Weka 12 kwa mwaka. Za kisogoni zina safari fupi, zitagusa mabega mapema. Za utosini zinahitaji sentimita 30 na ushee. Aliyenyoa leo ajipe miaka mitatu, na anayekuuzia chupa ya kukuza nywele kwa wiki mbili mwombe akuonyeshe rula. Halafu kipilipili hujikunja: nywele za sentimita 20 zinaweza kukaa kichwani kama za sentimita 8. Usijipime kwa kioo, jipime kwa kuvuta.

HATUA YA 1: Kata ncha. Najua, umekuja kutafuta urefu nami nakwambia ukate. Ncha iliyopasuka haiungwi na mafuta yoyote duniani. Itaendelea kupasuka kupanda juu. Toa sentimita moja au mbili, kwa mkasi mkali usiokata kitu kingine. Siyo ule wa jikoni unaofungulia pakiti za maziwa.

HATUA YA 2: Osha. Kila wiki au siku kumi ukiwa na nywele wazi, kila wiki mbili ukiwa umesuka. Shampuu ni ya ngozi ya kichwa, kondishena ni ya nywele. Wengi tunafanya kinyume. Sabuni ya mche acha kwenye nguo, ni kali na inaziacha nywele zikiwa kavu zinakwaruza. Maji nayo yaangalie. Ya bomba, ambayo kwetu hapa Mwanza yanatoka Ziwa Victoria, ni laini. Visima vingine maji yake ni mazito, povu linagoma, na nywele zikikauka zinakuwa kama zimepakwa chokaa. Ukiwa na kisima cha namna hiyo, kinga maji ya mvua kwa ajili ya kichwa tu. Ndoo moja inatosha.

HATUA YA 3: Kuchambua. Hapa naomba tukae.

Nilipopata hasara kubwa kuliko zote haikuwa kwenye kusuka, ilikuwa kwenye kufumua. Nilikaa barazani kwetu Kirumba, jioni, upepo wa ziwa unapiga, nikafumua rasta za wiki kumi nikiwa na haraka ya harusi. Nikamaliza, nikainamisha kichwa kwenye ndoo nikaosha moja kwa moja. Zilipoanza kukauka, kisogoni palikuwa na fundo kama jiwe la Bismarck: ziwa linalipiga miaka yote na halitikisiki. Mdogo wangu alijaribu kwa kitana, akajaribu kwa mafuta, mwisho akaleta mkasi. Harusini nilikwenda na kilemba.

Kosa lilikuwa hili. Unapofumua, tazama pale rasta ilipoanzia. Kuna kipete cha uchafu wa kijivu: vumbi, jasho, mafuta ya zamani, na nywele zilizong'oka zikakosa pa kutokea. Kwa kawaida mtu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na ukiwa umesuka zinabaki humohumo. Wiki sita tu ni zaidi ya 2,000. Ukimwagia maji kabla hujazitoa, zinajisokota na zile nzima, kisha zinakaza.

Basi kila ukifumua rasta moja, paka kondishena au mafuta kidogo kwenye kile kipete, kivute taratibu kwa ncha za vidole mpaka kiachie, ndipo uende rasta ya pili. Ukimaliza kichwa kizima, gawa mafungu nane, kila fungu lichane kwa chanuo la meno mapana ukianzia kwenye ncha, unapanda kidogokidogo hadi shinani. Baada ya hapo ndipo maji. Kazi hii inakula saa tatu. Weka taarabu, weka redio, fanya unavyojua, ila usiifanye siku ya harusi.

Na lile bonge utakalobaki nalo mkononi lisikutishe. Chukua nywele moja, iangalie mwanga ukiwa nyuma yake. Ikiwa ndefu na ina kidoti cheupe mwishoni, imeng'oka kwa zamu yake, nyingine inakuja. Ikiwa fupi na haina kidoti, imekatika, na hiyo ndiyo ya kukuhuzunisha.

HATUA YA 4: Maji, kisha mafuta. Nywele zetu zimejipinda, kwa hiyo mafuta yanayotoka ngozini hayafiki mwisho, na kila kona ya kipilipili ni mahali pa kukatikia. Lowesha kidogo, au paka kondishena ya kuacha bila kusuuza, ndipo ufunge kwa mafuta: nazi, nyonyo, shea, lolote unaloliweza. Kupaka mafuta juu ya nywele kavu ni kung'arisha ukavu. Kuanzia Juni hadi Agosti, mvua zikikatika, ongeza siku za kufanya hivi.

HATUA YA 5: Chagua njia yako.

Ukichagua kusuka, msuko ni likizo ya nywele kwa masharti. Wiki sita, zikizidi sana nane. Ukifumua, zipe nywele wiki mbili za kupumua. Usibebeshe rasta nene kwenye kifungu chembamba. Wanaoweza, wasuke zile za kuanza bila fundo, wasusi wanaziita notlesi, hazivuti sana shinani. Na maumivu siyo sehemu ya urembo. Saluni moja mjini, siitaji, niliwahi kusukwa nikapanda daladala ya Igoma nikiwa siwezi hata kufumba macho vizuri. Vipele vikatoka mstari wa mbele, nikameza dawa za kichwa siku mbili, msusi ananiambia "zitalegea tu". Zililegea kweli, zikaondoka na mizizi. Panja la kulia halijarudi lote mpaka leo. Ukiona vipele au ngozi imeinuka kama ya kuku, fumua siku hiyohiyo, pesa imeshakwenda.

Ukichagua kutosuka, adui yako ni mikono. Kila siku mtindo mpya, kila siku kuchana. Mimi nachana siku ya kuosha tu. Siku nyingine vidole. Jioni ya kuosha nazigawa nasokota mafungu makubwa, asubuhi nafungua, naachia, wiki imekwenda. Na tusidharau nywele za uzi. Bibi yangu wa Magu alitufunga kwa uzi mweusi kuanzia shinani hadi nchani, tukaona aibu kwenda nazo sokoni. Leo najua alikuwa ananyoosha nywele bila moto, na ncha zimefunikwa kabisa. Natumia njia yake kila mwezi, usiku mmoja, badala ya drai.

Twende kilioni za nywele zako mwenyewe bila rasta ni njia ya katikati, na kwa mtu mwenye panja lililochoka ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote, mradi zisikazwe.

HATUA YA 6: Kituo cha mabega. Wengi mnaniambia, "Dada, zinafika mabegani zinasimama." Hazisimami. Zimefika mahali pa kusuguliwa. Kola, sweta, mkanda wa mkoba, mkanda wa gari, kiti cha daladala: ncha za zamani kuliko zote ndizo zinazofikia hapo, na zinapigwa msasa kutwa nzima. Kwa miezi hiyo kama sita, bana juu. Ncha ziingie ndani ya kibanio, zisionekane. Usiku kofia ya satini, maana khanga ya pamba inafyonza mafuta na kukwaruza. Mimi kituo hicho nilikivuka hivyo tu, bila kuongeza chochote. Daftari linasema 27, 28, 29, 31.

MASWALI YENU

Kutoka Buzuruga: Dada, shikamoo. Mimi naweka dawa ya kulainisha nywele. Kwa hiyo nisahau habari ya kupita mabega?

Marahaba mdogo wangu. Usisahau. Ila ritachi iwe kwenye nywele mpya tu, isiguse tena zilizokwisha kupata dawa, na iwe kila baada ya wiki 8 hadi 12. Usijikune kichwa siku chache kabla, na usiweke dawa wiki uliyofumua rasta, ngozi bado ina vidonda usivyoviona. Pale nywele mpya zinapokutana na za dawa ndipo zinapokatikia, hapo paka kondishena zaidi.

Kutoka Nyegezi: Nimejifungua, mtoto ana miezi mitatu, nywele zinatoka kwa mafungu mpaka naogopa kuoga. Ni kunyonyesha?

Hongera kwa mtoto, mama. Siyo kunyonyesha. Wakati wa ujauzito nywele nyingi huahirisha kung'oka, ukijifungua zinaondoka kwa pamoja, kwa kawaida kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne. Kwa wengi hutulia kabla mtoto hajatimiza mwaka. Usisuke rasta nzito kuficha. Na kliniki ukienda waombe wakupime damu, upungufu wa damu nao unang'oa nywele, na huo hautibiwi kwa mafuta.

Kutoka Ukerewe: Sisi huku tunaosha nywele ziwani, maji ni laini kweli. Kuna ubaya?

Kwa nywele hakuna. Kwa tumbo lako upo. Kichocho kinaingia kupitia ngozi ukiwa umesimama kwenye maji, huhitaji hata kuyanywa. Chota, chemsha au yaache ndooni siku mbili, kisha oshea nyumbani. Na kama umeogea ziwani miaka yote, nenda ukapime, dawa ipo.

Kutoka Sengerema: Binti yangu kamaliza kidato cha nne, miaka yote alikuwa ananyoa. Anataka rasta kesho.

Haha, wote tulitaka. Nywele za sentimita mbili zikishikishwa rasta zinang'oka na mizizi yake. Mwambie asubiri zifike angalau vidole vinne, na kwa sasa asokote tu au asuke mistari legevu ya nywele zake. Amenyolewa miaka minne, yaani kichwa chake hakijawahi kuvutwa. Ana nywele za mbele ambazo mimi nalipia kuzitafuta. Asiziharibu kwa haraka ya Krismasi.

Kutoka Mabatini: Juisi ya kitunguu, maji ya mchele, vidonge vya nywele. Kipi kinafanya kazi?

Kitunguu utanukia kachumbari. Maji ya mchele ukizidisha nywele zinakakamaa. Vidonge vinamsaidia aliyepungukiwa, na wewe unayekula dagaa na mchicha na maharage kila siku sidhani kama umepungukiwa. Hiyo pesa nunua kofia ya satini mbili.

Kutoka Pasiansi: Panja langu limeingia pande zote, pametakata, panang'aa. Nipake nyonyo?

Hapa nitakuwa mkweli, dada yangu. Pakiwa bado na vinywele vidogovidogo, acha kuvuta kabisa, hata kubana kwa raba, na vingi vinaweza kurudi. Pakishang'aa, mizizi inaweza kuwa imeshakufa, na nyonyo haifufui. Muone daktari wa ngozi mapema. Na kama panawasha, pana magamba ya duara, huenda ni mapunye, dawa yake nyingine kabisa.

Kutoka Igoma: Da, mbona hujatuambia msusi wako ni nani?

Kwa sababu mkimjaa mimi nitasukwa saa ngapi? Njoo inbox. Ila ukienda nenda umeshachambua nywele, na chanuo lako mkononi. Mama yule akikuta fundo kichwani anakurudisha nyumbani, hata kama umetoka ng'ambo ya Kamanga.