Kabla hujaacha kazi ukajiajiri, piga kwanza hesabu ya mwezi wa nne

Mdogo wangu ulioko gereji hapa Arusha, najua unachowaza. Mwezi wa nane Land Cruiser zinarudi Serengeti bushi zimekufa, foleni mpaka nje ya geti, unaona tajiri anavyopokea hela alafu wewe mwisho wa mwezi laki sita, ndo unasema bora nikafungue yangu kule Sakina. Sawa, ila usipige hesabu ya sizoni, piga ya mwezi wa nne, masika yamekolea, wageni hakuna, magari yamelala yadi.

Chukua daftari. Upande wa ajira usiandike laki sita tu. Mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake, yani katika laki sita elfu 60 ni yako na elfu 60 anaongezea yeye, na hiyo ya kwake ukitoka ndo basi. Weka na likizo, siku 28 kwa mwaka unalipwa umekaa nyumbani. Ukiumwa na una cheti cha daktari, siku 63 za mwanzo ni mshahara kamili. Ila kaombe taarifa ya michango NSSF kwanza, kama tajiri hapeleki usijidanganye kuandika.

Sasa upande wa kujiajiri, hapa ndo wengi tunaumia kwa sababu tunahesabu mauzo. Mteja kakupa 180,000, spea 110,000, saidia fundi 15,000, boda ya kufata spea 5,000, umebaki na 50,000 na hapo hujagusa kodi ya eneo (wenye maeneo wanataka miezi sita mbele), umeme, leseni, TRA. Alafu kuna madeni. Mwaka wangu wa kwanza kampuni moja ya utalii iliniletea gari tatu, nikatoa spea mfukoni kwangu, kila nikipiga simu naambiwa subiri kundi liingie, nimekuja kulipwa miezi miwili baadae na ada ya mtoto nilishakopa. Tangu hapo hela ya spea naichukua kabla sijafungua nati hata moja, na wewe anza hivyo hivyo hata kwa rafiki yako.

Kwa hiyo jaribu kwanza jumapili, miezi mitatu, kwa vifaa vyako na wateja wako, usibebe wa tajiri. Kila kazi iandike kama nilivyoandika hapo juu. Kinachobaki kigawe nusu, hiyo nusu ndo mwezi wako wa nne. Kama haifiki kodi ya nyumba na chakula, mimi nakwambia baki kwanza uongeze vifaa. Kama inafika, na una akiba ya kula miezi minne, andika barua, kwa mshahara wa mwezi notisi ni siku 28, na kabla hujatoka dai cheti cha utumishi, kile cha kuonyesha ulifanya kazi hapo, maana ni haki yako na siku ukitaka kurudi kuajiriwa utakihitaji.