Quedar: neno moja, maana kibao, unazijuaje?

Ukianza Kihispania unakaririshwa quedar ni kubaki, sawa, ila siku rafiki yako wa Madrid akikutumia meseji "quedamos a las ocho" ukaielewa "tunabaki saa nane" umekosea mara mbili, maana hapo anasema tukutane, na ocho ni saa mbili yetu. Mi nawafundisha hivi.

Hatua ya 1. Kabla ya kufungua kamusi angalia kale ka-me, te, se kalikokaa mbele, afu tazama kitenzi kinamfuata nani. Hapa usikimbie, ndo pana kazi. "Me quedo en casa": kitenzi ni cha mimi, me pia ni mimi, kwaiyo nabaki nyumbani. "Me quedan diez euros": kitenzi kinafuata euro, sio mimi, na kwetu ni vilevile kabisa, zimenibakia euro kumi, ile "ni" ya katikati ndo me yao. Mswahili hapa unapata cha bure, wengine wanahangaika nacho sana.

Hatua ya 2. Angalia kinachofuata nyuma ya kitenzi. "Quedé con Ana" nilipanga kuonana na Ana, lakini "me quedé con Ana" nilibaki naye. Kikiwa kitu, mfano uko dukani, "me quedo con la roja" ni nachukua hii nyekundu. Ukiona en na kitenzi, "quedamos en hablar mañana", basi tulikubaliana tuongee kesho.

Hatua ya 3. Ni nguo? "Te queda bien" imekupendeza, "me queda grande" inanipwaya. Ni mahali? "¿Dónde queda el banco?" benki iko wapi, hii utaisikia zaidi Amerika ya Kusini, Hispania wengi watatumia está.

Hatua ya 4. Bado imegoma, ingia dle.rae.es, kamusi ya Real Academia Española, ni bure. Ukiona prnl. ujue maana hiyo inataka se, na usisome orodha yote bana, ni ndefu utachoka.

Sasa jipime na hii: "Quedé con ella, me quedé dormido y quedé fatal." Nilipanga kuonana naye, nikapitiwa na usingizi, nikaonekana mtu wa hovyo.