Kabla ya Kurudi Kazini Baada ya Kubadilishiwa Nyonga

Wagonjwa wanaobadilishiwa nyonga wakiwa bado katika umri wa kufanya kazi, wakiwamo wale ambao kichwa cha fupa la paja kiliharibiwa na selimundu au ajali ya pikipiki, huuliza kwanza watarudi kazini lini. Swali hilo halijibiki mpaka daktari aijue kazi yenyewe, na ni vyema aelezwe kabla ya upasuaji. Kusema "nipo ofisini" hakutoshi. Mweleze ofisi iko ghorofa ya ngapi, unasafiri vipi, unanyanyua nini, na choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, kwa kuwa katika wiki za mwanzo madaktari wengi hukataza kukunja nyonga kupita nyuzi 90, kukunja nne na kuugeuzia mguu ndani, ili kiungo kipya kisichomoke.

Kwa kawaida kazi ya mezani hurejewa baada ya wiki 6 hivi, na kazi nzito, kama ya mwashi au mpagazi, baada ya miezi 3 au zaidi. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi awe na cheti cha daktari. Mwashi atakayepumzika siku 90 ajiandae basi kwa takriban wiki 4 za nusu mshahara. Wengi hujisahau hapa: siku ulizougulia nyumbani kabla ya upasuaji, kama zilihesabiwa likizo ya ugonjwa, zimekwisha kutoka katika fungu hilohilo. Mama lishe hana likizo ya kuhesabu. Yeye apange mapema nani atakayeshika biashara, na jiko lake lihamie juu ya meza.

Kiti kipimwe kwa futi ya fundi. Ukikaa, magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Sofa ya mapokezi, inayomzamisha mtu, haifai hata kwa dakika tano. Anayesali naye aulize mapema kuhusu kusali kitini.

Daladala huenda ikawa ngumu kuliko kazi yenyewe. Fanya safari ya majaribio saa ambayo magari hayajajaa, ukiwa na mtu wa kukusaidia: mguu mzima hutangulia kupanda, uliopasuliwa hushuka kwanza pamoja na gongo. Bodaboda isubiri ruhusa ya daktari, na kuendesha gari vilevile.

Tena, dawa ya kuzuia damu kuganda isiachwe kwa sababu tu umeanza kazi. Shavu la mguu likivimba na kuuma, kidonda kikitoa majimaji au homa ikipanda, nenda hospitali siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki. Na kifua kikibana ghafla, hiyo ni dharura.