Somo: Gadeni inaliwa na wadudu? Kabla ya kununua sumu soma hapa

Mwangaluka wadau. Mvua za vuli zikishaanza hapa Mwanza watu wanaanza kunitumia picha za gadeni za nyasi zilizokauka mabaka mabaka na swali ni lilelile, nipige sumu gani? Ngoja kwanza. Hujui nani anakula, unanunuaje dawa? Halafu hizi sumu za kuua kila kitu zinaondoka na buibui, nyigu na mbawakawa wawindaji waliokuwa wanakufanyia kazi bure, baada ya muda wadudu wanarudi na safari hii hakuna wa kuwazuia. Na kwa sisi tunaokaa miteremko ya Bwiru, Capri Point na Luchelele mvua ikipiga vyote vinashuka ziwani, na sumu za jamii ya pairethroidi samaki hawaziwezi hata zikiwa kidogo.

Kuna wanaosema kupambana na mdudu kwa kutumia kiumbe mwingine ni nadharia ya darasani. Jamani, magugu maji mmesahau? Miaka ya 1990 mitumbwi ilikuwa inashindwa kutoka mwaloni, wakaletwa wale wadudu wadogo wa Neochetina ambao asili yao ni Amerika Kusini kama gugu lenyewe, wakafugwa na kuachiwa ziwani, na magugu yakapungua sana pande zote tatu za ziwa. Kwahiyo hii kitu kwetu sio ngeni.

Hatua ya 1: mjue anayekula

Chukua vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, changanya na lita 4 za maji, mwaga taratibu kwenye eneo la mita moja ya mraba pale ukijani unapokutana na ukavu (sio katikati ya baka, pale wameshamaliza wameondoka). Subiri kama dakika 10. Kama ni viwavi utawaona wanapanda juu wenyewe wanajinyonganyonga.

Wasipotoka, kata nyasi kwa jembe kipande cha sentimita 30 kwa 30, pande tatu tu, kisha funua. Wale funza weupe waliojikunja, kichwa cha kahawia na miguu sita mbele, ni watoto wa mbawakawa na wanakula mizizi. Mizizi ikiisha nyasi unazivuta na mkono zinanyanyuka kama mkeka. Wahesabu. Chini ya watano kwenye kipande hicho na nyasi zina afya, funika, mwagilia, kalale. Wakifika kumi hapo una kazi. Dalili nyingine ni kwarara, ukiona wametua asubuhi wanadunga midomo kwenye ukoka wako ujue chini kuna chakula, usiwafukuze.

Hatua ya 2: kama ni viwavi

Hapa dawa ni Bt, yaani bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, chukua aina ya kurstaki. Kiwavi lazima aile ndo imuue, kwahiyo puliza majani yalowe vizuri, na upulize jioni maana jua linaiharibu haraka. Inafanya kazi kwa viwavi wadogo. Wakishakuwa wanene umechelewa, wanakaribia kuingia ardhini kugeuka pupa, unatupa hela. Viwavijeshi ndo wabaya zaidi sababu wanapenda jamii ya nyasi na wanakuja kundi, leo gadeni ipo kesho umebaki udongo, hivyo mvua zikianza pita kila jioni uangalie.

Huna Bt? Mbegu za mwarobaini zilizokaushwa kivulini, twanga gramu 500, loweka lita 10 za maji usiku mzima, chuja na kitambaa, tia sabuni kidogo, puliza jioni hiyohiyo. Haiui papo hapo, inawakata hamu ya kula na kuwazuia kukua.

Hatua ya 3: kama ni funza weupe

Hapa ndo wengi wanachemka. Bt ya viwavi haiwagusi funza hawa. Unahitaji nematoda, minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, ya jamii ya Heterorhabditis. Wanamtafuta funza ardhini, wanaingia ndani yake wakiwa na bakteria wao na anakufa ndani ya siku mbili tatu, ukimfukua utamkuta amegeuka mwekundu wa matofali. Kipimo ni kama 250,000 kwa mita ya mraba. Ni viumbe hai kwahiyo angalia tarehe, tunza pa baridi, toa vichujio kwenye bomba la mgongoni, na lisiwe bomba lililobeba sumu. Mwagilia kwanza, piga jua likishazama, mwagilia tena washuke, na udongo usikauke wiki mbili. Kama mtaa wenu una mgao wa maji subirini mvua, udongo mkavu unawaua wote.

Ukikosa nematoda ulizia kuvu wa Metarhizium. Funza aliyeshikwa naye anakakamaa, halafu anaota unga wa kijani mwili mzima. Chochote unachonunua hakikisha kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu.

Hatua ya 4: wafanyakazi wa bure

Kuku wa kienyeji waachie asubuhi baada ya kumwagilia, ila sio kwenye nyasi zilizopandwa juzi, watazing'oa zote. Chura muache. Na wale mijusi wetu wa kwenye mawe, dume kichwa chekundu mwili wa bluu, waambieni watoto waache kuwapiga manati, kazi yao kula wadudu. Usiku wa mvua za kwanza zima taa za nje, au tega beseni la maji ya sabuni chini ya taa moja, mbawakawa wanadondokea humo kabla hawajataga. Na usifyeke mpaka udongo uonekane.

MASWALI

Mdau wa Buswelu: Mkuu, minyoo si ndo iliyomaliza nyanya zangu? Leo unaniambia niinunue?
Jibu: Ile ni minyoo fundo, inakula mizizi. Hii inakula wadudu tu, mmea haiugusi, wala mtoto wala mbwa.

Mama J, Nyegezi: Ile dawa ya viluwiluwi vya mbu ya kiwanda cha Kibaha naweza kupulizia viwavi?
Jibu: Hapana mama. Ni bakteria wa ukoo huohuo ila aina tofauti, ni ya viluwiluwi kwenye maji. Imwage kwenye dimbwi, viwavi hawatajua hata umepita.

Mdau wa Igoma: Kaka fundi wangu anamwaga oili chafu kuzuia mchwa, vipi?
Jibu: Mwambie aache leo. Inaua udongo na inaishia ziwani. Mchwa wengi wanafuata vitu vikavu, okota nyasi zilizofyekwa na vijiti, mwagilia.

Mgeni, Kiseke: Kuna vichuguu vya udongo mbichi kila asubuhi, naambiwa ni fuko anafuata funza, nikiua funza ataondoka?
Jibu: Fuko wetu anakula mizizi na viazi, funza hana habari nao. Huyo tega mtego kwenye njia yake, nematoda weka akiba.