Jinsi ya kuomba kurejeshewa barua zilizokwama kwenye faili la OST baada ya seva kuhamishwa

Seva imehamishwa, unafungua Outlook, na barua za miaka mitatu hazionekani. Kwenye kompyuta lipo faili kubwa la .ost, lakini ukijaribu kulifungua unaambiwa si faili la data la Outlook. Mara nyingi halijaharibika. OST ni nakala ya sanduku lako la barua, na imefungwa kwa profaili (mipangilio ya akaunti ndani ya Outlook) iliyoiunda. Profaili mpya haina ufunguo wake. PST, faili la barua linalojitegemea, ni tofauti: hilo hufunguka kwenye Outlook nyingine pia.

Kabla ya kuomba

Usifute profaili ya zamani. Wengi huponzwa hapa: anayekusaidia anaanza kwa kuifuta na kuunda mpya, na njia rahisi kuliko zote inakuwa imezibwa. Funga Outlook, nenda C:\Users\jina lako\AppData\Local\Microsoft\Outlook, nakili lile faili kwenye diski ya nje. Folda ya AppData imefichwa, kwa hiyo ruhusu kwanza vilivyofichwa vionekane.

Sasa ingia kwenye akaunti mpya kwa kivinjari. Barua zikiwapo huko, huna cha kuomba. Outlook huenda inaweka kwenye kompyuta barua za miezi 12 tu; fungua mipangilio ya akaunti, sogeza kitelezi cha muda hadi mwisho, usubiri.

Vinavyoweza kuwa ndani ya OST ya zamani peke yake ni vichache: barua zilizokwama kabla ya kutumwa, vilivyoshindwa kupanda kwenye seva, na kwa akaunti za IMAP (njia ya kawaida ya kusoma barua zikiwa kwenye seva), anwani na kalenda zilizohifadhiwa kwenye kompyuta hiyo tu. Tangu Outlook 2013, IMAP nayo hutumia OST, jambo ambalo hata mafundi husahau.

Ombi lenyewe

Mpelekee msimamizi wa seva, kwa maandishi. "Barua zangu zimepotea" haimsaidii. Andika hivi (Exchange ni mfumo wa seva ya barua wa Microsoft):

"Akaunti yangu ya Exchange ilihamishwa tarehe fulani. Folda ya Mikataba haina barua za kabla ya Machi. Nakala ya OST ninayo, ukubwa wake GB 14, na profaili ya zamani bado ipo. Naomba folda hiyo ihamishwe upya kutoka seva ya zamani au nakala rudufu yake. Isipowezekana, naomba ruhusa ya kutoa barua hizo kwenda PST."

Ongeza toleo la Outlook na ujumbe wa kosa neno kwa neno. Nywila usiandike. Uliza pia seva ya zamani itazimwa lini, maana ikishazimwa ombi la kwanza huenda lisiwezekane tena. Ruhusa ya PST si adabu tu: ofisi nyingi huzuia barua kutolewa nje ya mfumo.

Ukiruhusiwa kuzitoa mwenyewe

1. Kata intaneti, Outlook isije ikaitafuta seva mpya.
2. Kwenye Control Panel fungua Mail, kisha Show Profiles, uchague kuulizwa profaili kila Outlook inapofunguka.
3. Ingia kwa profaili ya zamani. Barua zikionekana, kazi kubwa imekwisha.
4. Fuata File, Open & Export, Import/Export, Export to a file, kisha Outlook Data File. Chagua jina la juu kabisa la sanduku, na folda zote ndogo zijumuishwe.
5. Rudisha intaneti, fungua profaili mpya, uingize ile PST kwa njia hiyohiyo.

Kuanzia Outlook 2010 kikomo cha kawaida cha faili ni GB 50. PST ya muundo wa zamani, wa Outlook 2002 kurudi nyuma, huishia GB 2. Scanpst.exe, programu ndogo inayokuja na Outlook, hurekebisha faili lililoharibika, lakini haiwezi kulifungulia profaili nyingine, kwa hiyo usipoteze mchana mzima nayo.

Profaili ikiwa imeshafutwa na seva imezimwa, zinabaki programu za kubadili OST kuwa PST. Mwachie msimamizi achague. Tovuti zinazokutaka upakie faili ziepuke: unawakabidhi watu usiowajua barua zako zote.

Nakala ya kwenye diski ya nje usiifute mpaka umelinganisha idadi ya barua, folda kwa folda.