Jinsi ya Kukausha Hewa ndani ya Kabati la Zana, Mji Mkongwe

Patasi ikilala usiku mmoja wa masika kwenye rafu inayogusa ukuta wa mawe na chokaa, asubuhi huonekana madoa ya rangi ya chungwa karibu na makali yake. Mimi ni mchonga milango, na kwa muda mrefu nilidhani dawa ni kulifunga kabati vizuri zaidi. Kumbe nilikuwa nikiufungia unyevu ndani pamoja na zana zangu.

Hatua ya 1. Litenge kabati na ukuta. Kuta zetu kongwe hunyonya maji kutoka ardhini, na chumvi iliyomo huvuta unyevu wa hewa. Acha nafasi ya vidole vinne nyuma, kisha ulinyanyue kwa vipande vya vigae.

Hatua ya 2. Nunua kipima unyevu kidogo, lakini usikiamini kabla ya kukijaribu. Tia chumvi ya mezani katika kizibo cha chupa, uidondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, halafu ukifungie pamoja na kipimo ndani ya chupa ya mdomo mpana. Baada ya kukaa humo kwa muda wa saa 12, kipimo kinatakiwa kuonesha asilimia 75. Changu kilionesha 81, kwa hiyo kila nikisoma hutoa 6. Lenga asilimia 45 hadi 50: ikipita 60 kutu hushika kasi, na hewa ikikauka kupita kiasi mipini ya mbao hupasuka.

Hatua ya 3. Bandika mpira kuzunguka mlango. Bana kipande cha karatasi mlangoni. Kikichomoka bila kukwama, hapo panavuja. Toa maboksi, sponji na ala za ngozi, kwa sababu vyote hivyo huhifadhi maji.

Hatua ya 4. Weka nusu kilo ya silika jeli, yaani punje kavu zinazonyonya unyevu, katika mfuko wa kitambaa. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba unyevu hubeba takriban gramu 30 tu za maji, kwa hiyo kinachoichosha jeli hasa ni mipini, mianya na mkono unaofungua mlango kila mara. Mchele tunaotia katika kichupa cha chumvi hautoshi kazi hii. Vikopo vya kloridi ya kalsiamu navyo sivitaki, kwa kuwa hujaa maji ya chumvi, na kimoja kilinipindukia juu ya randa.

Jeli ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani, imeshiba. Itandaze kwenye trei na uikaushe katika oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu. Jiko la mkaa halifai, kwani moto wake haupimiki na punje huungua. Ipozee ndani ya chupa iliyofungwa, la sivyo itakunywa unyevu wa jikoni kabla haijafika kabatini.

Hatua ya 5. Futa jasho la mikono kwenye kila chuma, kisha upake mafuta ya cherehani kwa kitambaa, utando mwembamba tu. Mafuta ya nazi huchacha na kunata. Kabla ya kuchonga, yafute kabisa, maana doa la mafuta huizuia vanishi kushika.

Kipimo kikikaa juu ya 55 kwa siku tatu mfululizo, ama jeli imeshiba ama mpira umeachia. Mimi huanza na jeli, kwa kuwa kuikagua hakuhitaji hata kuinama.