Karatasi za Mgonjwa Kabla ya Basi la Dar

Rufaa ya kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar, ikitoka hospitali ya mkoa, Ligula ya Mtwara au Sokoine ya Lindi, ndugu wanakimbilia nauli. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi hapa Lindi mpaka nikastaafu, na majirani zangu nawaambia waanze na majina.

Weka mezani kitambulisho cha taifa cha NIDA, kadi ya bima na barua ya rufaa, usome herufi kwa herufi. Huku kwetu mtoto akitoka jandoni au unyagoni hupewa jina jipya, na wengi la utotoni wanaliacha palepale. Basi mama anakuwa Somoe kwenye kadi ya kliniki, Zainabu kwenye NIDA. Mtaani tunamjua ni yuleyule. Karani wa Dar atajuaje? Jina likikosewa kwenye rufaa, usitoke hospitalini kabla daktari hajalirekebisha. Likipishana kwenye vyeti, nenda kwa wakili au kamishna wa viapo, mgonjwa aape hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni yake.

Barua iwe na muhuri, tarehe, jina na sahihi ya daktari. Beba majibu ya vipimo na filamu zenyewe za eksirei.

Dawa ziandike kwenye karatasi moja. "Vidonge vyeupe vya presha" havimsaidii daktari. Andika hivi: amlodipini miligramu 5, kidonge kimoja asubuhi. Taja dawa inayomdhuru, na za miti shamba pia, maana nazo zinaweza kugongana na za hospitali. Anayetumia ARV, dawa za VVU, apitie CTC yake, yaani kliniki anakozichukulia, achukue barua na dawa za kumtosha.

CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, imekuwa ikiishia hospitali ya mkoa, Muhimbili haifiki. Asiye na uwezo achukue barua ya mtendaji wa kijiji angali nyumbani, aipeleke ofisi ya ustawi wa jamii kule anakokwenda. Mtoto akisindikizwa na bibi au shangazi, wabebe cheti cha kuzaliwa na barua ya wazazi yenye namba zao za simu, kwa sababu kwa kawaida mtoto hafanyiwi upasuaji bila idhini ya mzazi au mlezi.

Sasa shamba. Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo huingia benki kwa jina la mkulima. Baba amelazwa Dar, hela ipo, watoto wanadaiwa michango ya shule, na hakuna wa kuigusa. Hili linaniuma kwa sababu dawa yake ipo: hati ya uwakilishi, inayompa mkewe au mwanawe mamlaka ya kutenda kwa niaba yake. Iandikwe kwa wakili, mgonjwa akiwa na akili timamu, na kabla ya hapo iulizeni benki, maana huenda ina fomu yake. Kila kazi itajwe kwa jina: kufuatilia malipo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kutoa fedha kwa matibabu na mahitaji ya nyumbani. Na iandikwe wazi kwamba shamba haliuzwi.

Mgonjwa asomewe hati yote kwa sauti kabla ya kuweka dole gumba. Aliyelala usingizi wa dawa asishikwe mkono akagongeshwa wino. Ukiona hivyo, simama useme hapana, hata kama anayefanya ni kaka mkubwa. Hati hii hufa na mwenyewe. Akifariki, fedha zake hufuata mirathi mahakamani.

Toa nakala mbili za kila kitu: moja ibaki kwa mtu wa nyumbani anayepokea simu, nyingine ikae kwa msindikizaji. Halisi ziwe kwenye mfuko wa nailoni mapajani, si kwenye buti la basi, pamoja na dawa za siku kadhaa za ziada. Mvua za 2024 zilikata barabara ya Dar pale Somanga, Kilwa, abiria wakakwama njiani, na mgonjwa wa kisukari au presha hawezi kungoja mpaka daraja litengenezwe.